Taa ya injini inarudi kila ikifutwa? Usikimbilie sensa

Ndugu, kama fundi anaizima taa ya injini halafu baada ya siku mbili tatu inarudi na kodi (namba ya kosa) ile ile P0171, hajatengeneza kitu, amefuta tu. Mara nyingi kompyuta husubiri ilione kosa safari mbili ndiyo iwashe taa, kwa hiyo unadhani gari limepona.

Kodi hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Mimi kigari changu cha mtumba kilinila hela ya sensa ya oksijeni bure! Kumbe ni ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa kwenda kwenye injini: ulipasuka upande wa chini, kwenye mikunjo, huoni mpaka uuvute kwa mkono.

Chomeka kifaa cha OBD2 (cha kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani, utazame namba ya LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, injini ikiwa na moto. Ikisoma zaidi ya +10 bila kukanyaga mafuta, kisha ikashuka ukipandisha mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna mahali panavuta hewa. Ikipanda zaidi ukikanyaga, geukia sensa ya hewa iliyojaa vumbi, au filta na pampu ya petroli. Sensa hiyo ina dawa yake ya kusafishia, usipulizie ya kabureta.

Ila taa ikianza kupepesa, paki pembeni. Hapo injini inamisi, na petroli isiyoungua inaenda kuunguza masega, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi.