Kuhama Python 3.10 kwenda 3.12 bila kuacha maktaba zako nyuma

Mkuu tulia, hakuna kilichofutika. Umesema umeweka Python 3.12 kwenye Windows iliyokuwa na 3.10, sasa pandas (maktaba ya kuchambua data) inakupa ModuleNotFoundError, yaani Python haiioni, na unauliza kama unaweza kukopi site-packages ya zamani (folda ya maktaba ulizoweka) ukaipesti kwenye mpya. Usifanye hivo. Ingia AppData\Local\Programs\Python utakuta Python310 bado iko pembeni ya Python312, kila moja na site-packages yake, manake namba ya kati ikibadilika Python inajiwekea folda mpya kabisa. Ungetoka 3.12.1 kwenda 3.12.4 wala usingeona tofauti, folda ni ileile.

Shida ya kukopi ni kwamba baadhi zitakubali afu utajua umemaliza. openpyxl ni Python tupu, itawaka. Ila fungua folda ya numpy, ndani ya core kuna faili linaitwa _multiarray_umath.cp310-win_amd64.pyd, hiyo cp310 hapo sio pambo, ni programu ya lugha ya C iliyokompailiwa (iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine) kwa ajili ya 3.10, na 3.12 inalipita kama halipo.

Mimi kwenye mashine za ofisini, kabla sijagusa kitu naandika hivi kwenye Command Prompt, inipe orodha ya maktaba za 3.10 (pip ndo kifaa cha kuwekea maktaba za Python):

py -3.10 -m pip list --not-required --format=freeze > orodha.txt

Wengi watakwambia pip freeze, sio vibaya, ila inakumwagia hadi vile vilivyoletwa na maktaba zingine, vyote na namba zake zimekazwa, na hapo ndo watu wanakwama. numpy 1.23 haina wheel (kifurushi kilichokompailiwa tayari) ya 3.12, wameanza kuikubali kwenye 1.26, sasa pip ikikosa wheel inajaribu kukompaili yenyewe na unaletewa ujumbe mwekundu, kwa baadhi ya maktaba unadai Microsoft Visual C++ 14.0. Mtu anachoma bando la magiga kushusha Visual Studio kumbe dawa ni kufuta ==1.23.5 kwenye orodha, basi. Kwa hiyo fungua orodha.txt na Notepad, toa namba, bakiza zile tu ambazo mradi wako unazitegemea kweli, afu uziweke kwa py -3.12 -m pip install -r orodha.txt.

Kama mashine ni nyingi na mtandao wa kuungaunga, shusha mara moja:

py -3.12 -m pip download --only-binary :all: -r orodha.txt -d mzigo

Tia folda ya mzigo na orodha yenyewe kwenye flashi, kwenye mashine zingine ni

py -3.12 -m pip install --no-index --find-links mzigo -r orodha.txt

Hiyo only-binary naipenda sababu kama kuna maktaba haijafika 3.12 inakwambia hapohapo badala ya kuanza kukompaili.

Ukiona maktaba inalalamikia distutils (kifaa kilichokuwa kinakuja na Python yenyewe), iliondolewa kwenye 3.12, weka setuptools na mara nyingi inatulia. Na kama ulikuwa na venv (folda ya mradi yenye maktaba zake pekee) usiihamishe wala kuibadilisha jina, futa, tengeneza nyingine kwa 3.12, jaza kutoka kwenye orodha.

3.10 iache kwanza, haikuli kitu. py -0 itakuonyesha zote mbili, na ripoti zako za mwisho wa mwezi endelea kuziita kwa py -3.10 mpaka uhakikishe kwenye 3.12 zinatoka sawa. Ikigoma tupia hapa jina la maktaba na mstari wa mwisho wa kosa, tafadhali sio picha ya skrini uliyopiga na simu.