Wawili, gari moja, njia ya Kusini

Kiangazi kikishaanza, maswali ya wanandoa wanaotaka kushuka Kusini kwa gari yanakuja kwa wingi. Nayajibu nikiwa hapa Mtwara, na njia hii mimi na mwenzangu tumeipita kila mwaka.

*Tumeoana mwezi uliopita, tunakaa Mbagala, Dar. Tuna siku sita. Tuanzie wapi?*

Hongereni sana. Msije Mtwara kwa mkupuo mmoja. Ni kilomita kama 560, na mtafika mmechoka hata kuongea hamtaki. Siku ya kwanza laleni Kilwa Masoko. Mnaiacha barabara kuu Nangurukuru na kukata kushoto. Kesho yake chukueni kibali asubuhi, mvuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 kwa mawe ya matumbawe, na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliufikia mji huo mwaka 1331. Wahini mapema, jua halijawa kali, mkae kimya kidogo chini ya yale makuba. Kutoka hapo laleni Lindi, kisha Mikindani na Mtwara. Siku mbili za mwisho ziwekeni Newala, na mrudi kwa njia ya Masasi.

*Gari letu ni dogo, limekaa chini. Litapanda Newala?*

Kiangazi litapanda. Dar hadi Mtwara ni lami, na kutoka njia panda ya Mingoyo, karibu na Lindi, hadi Masasi pia. Juu kwa Wamakonde mtakutana na vipande vya vumbi na mchanga, basi punguzeni mwendo. Kuanzia Desemba hadi Aprili ahirisheni; mvua ya huku haina mchezo. Hata barabara kuu si salama mvua ikichelewa kuisha: Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata maeneo ya Somanga.

Na kagueni tairi la akiba. Sisi tulipasukiwa jioni karibu na Kitangari, tukatoa la akiba, nalo halina upepo. Vijana wawili wa pikipiki walilibeba hadi kwa fundi wakaturudishia usiku. Siwasahau.

*Mume wangu anataka bahari tu. Nimwambie nini kuhusu Newala?*

Dada, usimwambie kitu. Mpeleke Shimo la Mungu saa kumi na mbili asubuhi. Newala iko ukingoni mwa uwanda, zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na pale ardhi inakatika ghafla. Mkifika, chini ni ukungu mtupu, kama pamba iliyomwagwa bondeni. Jua likipanda ukungu unachanika vipande vipande. Mnaanza kuona miti, kisha mashamba, kisha mbali kabisa mstari unaong'aa wa Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Mwenzangu naye alikuwa mtu wa bahari. Alisimama pale akanishika mkono, hatukuondoka hadi saa tatu.

Chukueni masweta, Juni na Julai usiku kuna baridi kweli. Na maji msiyachezee nyumba ya wageni. Uwanda huu hauna mito, mchanga unakunywa mvua yote, na vizazi vya akina mama wameshuka mabondeni kuteka na kupanda na ndoo kichwani.

*Tunaweza kumwona yule mjusi mkubwa wa Tendaguru?*

Hapana. Mifupa yake ilichimbwa mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913 na Wajerumani, na iko Berlin hadi leo. Inaniuma kuiandika kila mara. Kilima chenyewe cha Tendaguru kipo, lakini msikiendee bila mwenyeji.

*Njiani tule nini?*

Pweza na samaki Lindi na Mikindani, hilo mnalijua. Ila mkiona mama amekaa kando ya barabara na beseni la ming'oko, simameni. Ni mizizi ya porini, myembamba, imechemshwa kwa chumvi. Salimieni kwanza, "Shikamoo mama," ndipo muulize bei. Mnaushika mmoja huku na huku, mnaumenya ganda kwa vidole, ndani ni mweupe, una utamu wa mbali. Nunueni mafungu mawili. La kwanza litaisha kabla gari halijawashwa.