Muulize Shangazi: Mkitoa Desemba, ikumbukeni Januari

Barua za mwezi huu kutoka Malindi zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu yuko likizo, ana moyo wa kusaidia, atoe nini na ampe nani? Nimechagua tatu. Nazijibu kama muuguzi mstaafu wa mji huu, niliyetumikia wodi ya wazazi na kliniki za watoto, kwa hivyo msishangae nikikaa zaidi kwenye mambo ya damu na watoto.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Barani, sasa nafanya kazi Nairobi. Kikundi chetu cha tuliosoma pamoja kimechanga Sh42,000. Tumekusudia tarehe 25 tuende kwenye makao ya watoto yaliyo karibu na kwetu, tupeleke unga, keki na nguo za mitumba, tupige picha na watoto ili waliochanga waone pesa zao zimefika. Kaka yangu anasema huko ni kujionyesha. Mimi naona watu wakiona picha ndipo watachanga zaidi mwakani. Nani ana haki hapa? — Binti wa Barani*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupe heko kwa kuwakusanya wenzako. Kuwatoa watu pesa mfukoni mwezi wa Desemba, kila mmoja ana nauli ya kwenda kwao, si kazi ndogo.

Sasa nikwambie niliyoyaona nilipokuwa nikizunguka na chanjo kwenye makao ya aina hiyo. Wiki ya Krismasi gari linaingia, watoto wanaitwa, wanapangwa mstari, wanaimba. Gari hilo halijatoka, jingine liko langoni. Keki asubuhi, keki alasiri. Siku moja nilimkuta msichana mdogo ana homa kali, ametolewa kitandani asimame na wenzake kwa kuwa wageni walitaka picha ya watoto wote. Nilimchukua nikamrudisha kulala, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Nikirudi huko Januari nakuta stoo ina unga wa kutosha, lakini sabuni hakuna, sodo za wasichana wakubwa hakuna, na mlezi wa usiku ni mmoja kwa watoto wote hao.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, pigeni simu. Zungumzeni na msimamizi au matroni, mumuulize nini kimepungua na lini kinapungua. Msimwambie mnaleta nini, mwacheni aseme yeye. Mkisikia anasema dawa ya upele, vyandarua, au pesa za kumlipa mwalimu wa ziada, msivunjike moyo kwa kuwa havifungiki kwa utepe. Ulizeni pia kama makao yamesajiliwa. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anayajua, na ni haki yenu kumuuliza kabla ya kutoa senti.

Kuhusu picha, mimi niko na kaka yako, ingawa hoja yako naielewa. Waliochanga wana haki ya kujua pesa zilikwenda wapi. Basi wapigieni picha risiti. Wapigieni picha magunia mkiyashusha, na ninyi wenyewe mmeyabeba. Uso wa mtoto uacheni. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inalinda faragha yake, lakini hata sheria isingekuwepo, fikirieni: mtoto huyo atakua, atatafuta kazi, ataposwa hapa hapa Malindi, na ile picha yake akipokea kaptura ya mtumba itakuwa bado inazunguka kwenye simu za watu. Hakuulizwa. Hangeweza hata kukataa, maana aliyeshika keki ndiye aliyeshika kamera.

Na katika mji wetu huu wa msikiti na kanisa, jambo hili tunafundishwa pande zote mbili. Mkristo amesoma katika Injili ya Mathayo kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Mwislamu ameisikia hadithi ya watu saba watakaofunikwa na kivuli cha Mwenyezi Mungu, na mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo nawaomba mlizungumze kwenye kikundi. Wengi wa watoto walio kwenye makao si mayatima wa baba na mama. Wana mzazi mmoja, au wana nyanya yao Ganda, Kakuyuni au Marafa, ambaye alishindwa na karo na chakula akakubali mtoto achukuliwe. Serikali yenyewe imekwisha kulitambua hilo. Mkakati wake wa kitaifa wa malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kulelewa katika jamaa badala ya taasisi. Sasa ukinipa mimi hizo Sh42,000, ningepeleka sehemu ndogo kwenye makao, kwa kile matroni alichokitaja, na iliyobaki ningeiweka mpaka wiki ya kwanza ya Januari.

Januari ndipo pabaya. Desemba hata jirani asiye na kitu anaonjeshwa pilau na mahamri. Januari shule zinafunguliwa na kila mlango una lake. Nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule ya umma, muulize ni watoto gani hawarudi muhula wa kwanza kwa kukosa sare au viatu. Anawajua kwa majina. Muulizeni pia mzee wa mtaa, kwa sababu yeye anajua nyanya yupi analea wajukuu wanne peke yake. Kisha msimpe mtu pesa mkononi: nendeni kwa fundi cherehani pale mjini, mtoto apimwe, ashonewe sare inayomkaa, mlipe fundi. Nyanya hatapanga mstari, mtoto ataingia darasani kama wenzake, na fundi wa Malindi naye atapata kazi. Najua wengi wenu mtakuwa mmesharudi Nairobi. Pesa zinatumwa kwa simu, na kaka yako, kwa kuwa ana msimamo mzuri, mpeni yeye kazi ya kusimamia na kuwatumia risiti.

*Shangazi, mimi ni mvuvi, nina miaka 24. Pesa za kusaidia sina. Nimesikia hospitali inahitaji damu. Mama hataki, anasema nikitolewa damu sitaweza tena kuvuta nyavu. Na vijana maskani wanasema damu yenyewe inauzwa. — Mvuvi wa Mayungu*

Kijana wangu, barua yako ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu kwa moyo mkunjufu.

Watu wengi hawajui kwa nini damu hupungua zaidi wakati huu wa mwaka. Hapa Kenya wanafunzi wa sekondari wamekuwa kwa miaka mingi ndio kundi kubwa la wanaojitolea damu. Watumishi wa benki ya damu huenda shuleni, vijana wanajipanga. Shule zikifungwa, chanzo hicho nacho kinafungwa. Na wakati huo huo barabara ya Mombasa na Malindi inajaa magari na pikipiki, na ajali zinaongezeka. Wanawake nao hawaahirishi kujifungua kwa sababu ya sikukuu. Nimesimama kando ya kitanda cha mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa, mume yuko nje anapiga simu kwa jamaa mmoja baada ya mwingine: njoo utoe, njoo utoe. Ongezea watoto wenye malaria kali, na wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ulio mwingi hapa Pwani. Hao hawawezi kungoja shule zifunguliwe.

Mwambie mama hivi, kwa heshima. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu mwilini. Wanaotoa ni chini ya nusu lita, kama mililita 450. Maji yake mwili unayarudisha katika siku moja au mbili, na chembe nyekundu zinajengeka upya katika wiki zinazofuata. Ndiyo maana mwanamume haruhusiwi kutoa tena mpaka ipite miezi mitatu, na mwanamke minne. Hawamchukui kila anayekuja: lazima uwe na umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito usiopungua kilo 50, usiwe mgonjwa, na wanakutoboa kidole kwanza kuona kama damu yako inatosha. Kama haitoshi wanakwambia, na hapo umejua afya yako bure.

Ila mama ana ukweli wake mmoja. Siku hiyo usiende baharini. Usizamie, usivute nyavu, usibebe mashine ya boti. Kula vizuri kabla ya kwenda, kunywa maji mengi, na baada ya kutoa kaa kitini upumzike, usiinuke ghafla. Chagua siku ambayo bahari imechafuka nanyi hamtoki. Mchukue mama muende naye. Akiona kwa macho yake atatulia zaidi kuliko kwa maneno yangu.

Kuhusu kuuzwa, damu hutolewa bure na mgonjwa hapaswi kuinunua. Hupimwa kwanza Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha hutunzwa kwenye baridi, na hata hapo haikai zaidi ya wiki chache. Kwa hivyo usiogope kwamba yako itawekwa itafutiwe mnunuzi. Akitokea mtu koridoni anadai pesa za damu, mwombe risiti na uende moja kwa moja kwa msimamizi wa hospitali. Mtu mmoja mwovu asikuzuie kumfikia mama aliyelala wodini.

Nenda hospitali kuu ya Malindi, ulizia kitengo cha damu. Na vijana wa maskani wakikuona umerudi mzima, wengine watakufuata.

*Shangazi, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Maweni. Nilikwenda zahanati kuomba kujitolea wodini, wakanikataa kwa kuwa sina mafunzo. Nimevunjika moyo. — Msichana wa Maweni*

Usivunjike. Walikulinda wewe na mgonjwa. Wodini kuna sindano, kuna maradhi ya kuambukiza, kuna siri za watu. Ukitaka njia ya kufika huko, anzia tawi la Msalaba Mwekundu hapa Malindi. Wanapokea vijana wa kujitolea na wana mafunzo ya huduma ya kwanza. Uliza yataanza lini na kama yana ada.

Huku ukisubiri, watoto wa mtaa wenu wanazurura mchana kutwa tangu shule zifungwe. Chukua mkeka, vitabu vya zamani vya ndugu zako, na saa moja kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Wasomee hadithi, kisha wakusomee wao. Utashangaa mtoto wa darasa la nne anayeshindwa na sentensi fupi, na kwa mwalimu mwenye wanafunzi sitini hakuna aliyewahi kukaa naye peke yake. Kaeni barazani penye watu wazima wanaoona, si chumbani, na wazazi wawe wamekubali kwanza. Anza na watoto watano au sita tu. Wakizidi hapo, mtafute mwenzako uliyemaliza naye mgawane.