Muulize Anti: Nataka kazi ya kuhoji wauaji

SWALI: Shikamoo Anti. Niko fom foo hapa Kisauni, nataka kusomea saikolojia ile ya kuhoji wauaji ujue kwa nini wanaua. Mama anasema ntarukwa na akili mwenyewe. Kazi hii Kenya ipo kweli ama ni ya kwenye muvi tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ipo. Si unasikia kwenye habari mshukiwa wa mauaji kapelekwa hospitali ya Mathari kupimwa akili kabla hajajibu shtaka? Sa shida ni kwamba ile ripoti kwa kawaida husainiwa na saikayatristi, yaani mtu aliyesomea udaktari kwanza, kwa hivo amua mapema. Ukishika njia ya saikolojia ni digrii halafu masta ya saikolojia ya klinikal, yaani ya kupima na kutibu wagonjwa, pale Chuo Kikuu cha Nairobi ipo, na tangu sheria ya wanasaikolojia ya 2014 lazima usajiliwe.

Mama yako anaogopea wazimu, mimi naogopea huruma yako. Kuna Mkanada, Robert Hare, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ana masta tu mkononi kaajiriwa jela karibu na Vancouver, hata saa moja haijaisha mfungwa kaingia ofisini kachomoa kisu, akamwambia usiogope, hiki ni cha kumchoma mfungwa mwenzangu. Hare akanyamaza, hakuripoti. Kwisha habari yake! Miezi minane jamaa anamtuma tu, niombee kazi jikoni, sasa nipeleke gereji, na siku Hare anahama na gari lililotengenezwa gereji hiyohiyo ya jela, breki zikakataa mteremkoni. Alipona, ila nani alizichezea, jijazie mwenyewe.

Baadae ndo akatunga kile kipimo cha saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto, kinachotumika mpaka leo, vipengele 20, kila kimoja 0 hadi 2, na hujazi kwa maneno ya mfungwa peke yake, unasoma faili lake lote kwanza, maana watu hawa kuongea wanajua bwana. (Na usidhani kila muuaji ni saikopathi, wengine ni hasira za dakika mbili na panga lilikua karibu.)

Kwa hivo kazi yenyewe ni mafaili, mafaili, halafu kiti na meza, na kabla hujauliza chochote unamwambia mtu wazi: mimi si daktari wako, utakayosema nayaandikia mahakama. Ukiweza kusema hivo bila kutetemeka na bado akakuongelesha, njoo. Na Kiswahili usikidharau huko shule, huyo mtu hatakusimulia kwa Kizungu.