Goti Linauma Nikishuka Mlima, Je Ostiopathi Itanisaidia?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni mama wa miaka 53, nakaa Bugarika hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni Kirumba. Goti la kulia linanitesa mwaka wa pili huu, kupanda navumilia ila kushuka asubuhi na ndoo kichwani ndo shughuli, alafu linalia kwakwakwa kama mtu anatafuna bisi. Nilipiga picha wakasema limeanza kusagika. Binti yangu ananipikia bamia kila siku eti ute umeisha, na jirani kanipeleka kwa kijana mmoja anasema anafanya ostiopathi, eti tiba ya kunyoosha viungo kwa mikono, kanishika mguu dakika mbili tu akasema mfupa umehama, ataurudisha kwa mara kumi, kila mara elfu thelathini, ila anataka hela yote mwanzoni. Nimpe?

JIBU: Mama yangu shikamoo na wewe, maana kwa umri mimi ndo nilipaswa kuanza. Na sio dokta, mi ni fizio, mtu wa kutibu viungo kwa mazoezi na mikono, ila hapa mjini ukishavaa koti jeupe washakupa cheo.

Hela usimpe kwanza. Sisemi ostiopathi ni utapeli, hapana, kilichonishtua ni hiyo habari ya mfupa kuhama. Goti ndo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, pale mfupa wa paja unakutana na muundi, mbele imekaa pia ya goti, katikati kuna gegedu mbili, vitu vigumu kama mpira, zimejikunja kama mwezi mchanga zinapokea uzito, na kuna kano kubwa nne zimefunga kila kitu kama kamba za mtumbwi. Goti likihama kweli mama usingeshuka Bugarika kwa miguu, ungeshushwa umebebwa. Na ule mlio wa "ka!" unaotoka mtu akikuvuta kiungo ghafla ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo inafanya povu, basi, hakuna mfupa uliorudi kwao. Ata hiyo kwakwakwa yako isikutishe sana, magoti mengi yanalia na wenyewe wanacheza ngoma usiku kucha.

Bamia kula, tena na hao dagaa wako, lakini ule mlenda unaishia tumboni unasagwa kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda gotini. Ute wa goti unatengenezwa na utando uliomo ndani ya goti lenyewe na unasambaa ukitembea, sio ukikaa.

Sasa ostiopathi yenyewe. Ilianzia Marekani mwaka 1874 na daktari aliyeitwa Andrew Taylor Still, huyu alishazika watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo na dawa za enzi zile hazikumsaidia kitu, akaanza kutafuta njia nyingine ya kutibu, na 1892 akafungua chuo kwenye mji wa Kirksville, Missouri. Wazo lake ni kwamba mwili ni kitu kimoja, panapouma sio lazima ndo penye shida. Leo Marekani anayesomea fani hiyo ni daktari kamili, anaandika dawa na kufanya upasuaji, wakati Uingereza ni mtu wa mikono, sio daktari, lakini kuna sheria ya mwaka 1993 inayomlazimu asajiliwe ndo ajiite hivyo. Kwahiyo mtu akikwambia "mi ni ostiopathi" swali la kwanza ni umesomea wapi na miaka mingapi, na usione aibu kuuliza, hela ni yako.

Mtaalamu wa kweli hawezi kumaliza na dakika mbili. Juzijuzi alikuja mama mmoja wa Igogo, kesi kama yako kabisa, nikamwambia mama hebu shuka hizi ngazi tatu nikuone. Kila akitua mguu goti linaingia ndani kama linataka kugusa lenzie, nyonga inadondoka upande wa pili, alafu kifundo hakikunji, kumuuliza kumbe aliteguka zamani akishuka kwenye boti, akafunga kitambaa maisha yakaendelea. Goti lake lilikuwa linabeba kazi ya nyonga na ya kifundo, na ye miaka yote anapaka dawa kwenye goti tu! Hapo ndo mikono ya ostiopathi, au ya fizio, inafaa: kulegeza misuli ya paja na kigimbi iliyokaza, kukinyoosha kifundo taratibu mpaka kikunje, kuizungusha nyonga. Mtu anashuka kitandani anasema jamani mguu mwepesi.

Ila wepesi huo mama haukai. Siku mbili tatu, wiki, unaisha. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa 2022 wa magoti yaliyosagika unaitaja tiba ya mikono, lakini iende pamoja na mazoezi, isisimame peke yake, na mi miaka yangu yote kazini nimeona hivyo hivyo. Ukishuka mlima misuli ya mbele ya paja ndo breki, ikichoka breki anakuwa goti, na ndo maana kushuka kunakuuma kuliko kupanda.

Kwahiyo fanya hivi. Kunja kanga iwe kama bomba, iweke chini ya goti ukiwa umekaa kitandani mguu umenyooka, ikandamize chini uhesabu mpaka tano, achia, mara kumi, asubuhi na jioni. Ukizoea chukua kiti kigumu sio sofa, simama na ukae bila kushika kitu, taratibu hasa wakati wa kukaa, mara kumi. Alafu lala ubavu uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka, hiyo ya nyonga. Litauma kidogo, sawa, mradi kesho yake maumivu yawe yamerudi kawaida, yakizidi umepitiliza, punguza. Usitegemee kitu wiki ya kwanza, hesabu miezi miwili mpaka mitatu, wengi wanaachia hapo kati alafu wanasema mazoezi hayafanyi kazi.

Mlimani sasa: kushuka tanguliza mguu mbovu, kupanda tanguliza mzima. Fimbo ishike mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, najua utasema watanicheka, wacheke. Ndoo moja igawe mara mbili. Na kama mwili umeongezeka, kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, piga hesabu ya hatua za kutoka Bugarika mpaka barabarani. Likivimba, barafu ya pale pale mwaloni, iviringishe kwenye kanga dakika 15, usiiweke kavu kavu kwenye ngozi. Ila zile dawa za maumivu za diklofenaki za kujinunulia kila jioni acha, zinachimba tumbo na figo, na kama una presha ndo kabisa.

Yule kijana ukitaka mpe nafasi moja, ulipe ya siku hiyo tu. Asipokwambia utembee akuone, asipogusa nyonga wala kifundo, asipokupa zoezi la kwenda nalo nyumbani, usirudi. Laki tatu ni nyingi mama. Kitengo cha fizio kipo hospitali ya Bugando, anza hapo.

SWALI: Kaka mambo, nacheza mpira mtaani Nyegezi. Wiki iliyopita niligeuka na mpira mguu umeng'ang'ania chini, goti likalia "pwa", ndani ya saa moja limevimba kama embe. Bibi analichua na mafuta ya kondoo. Uvimbe umepungua ila nikigeuka linaniachia. Ostiopathi inaweza kurudisha?

JIBU: Poa mdogo wangu. Mwambie bibi asante ila mikono aitoe kwanza. Goti likivimba haraka hivyo baada ya mlio mara nyingi ni damu imejaa ndani, na linavyokuachia ukigeuka nahisi kano ya mbele imekatika au gegedu imechanika, hapo hakuna wa kuirudisha kwa kuvuta, awe mchuaji awe ostiopathi. Nenda kwa daktari wa mifupa, atalipima kwa mikono yake alafu ataamua kama unahitaji kipimo cha MRI, kinachoonyesha mpaka kano na gegedu, maana picha ya eksirei peke yake inaonyesha mifupa tu. Sio kila aliyekatika anapasuliwa, wengine wanarudi kwa mazoezi, lakini mpira simama. Na likigoma kunyooka kabisa, yani limejifunga, usingoje wiki nyingine.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa Ukerewe, jana usiku goti la kushoto limevimba, jekundu, la moto, ata shuka likigusa napiga kelele. Mwaka jana ilikuwa kidole gumba cha mguu. Nije mjini nikandwe?

JIBU: Shikamoo mzee. Usikandwe na mtu yeyote. Kwa historia ya hicho kidole nadhani ni jongo, ule ugonjwa wa viungo wanaouita gauti, lakini goti la moto na jekundu linaweza pia kuwa na usaha ndani, na usaha unaweza kuliharibu goti ndani ya siku chache, hasa kama una homa au unatetemeka. Daktari atavuta maji kidogo kwa sindano ayapime ndo atajua ni lipi. Usisubiri kuja mjini, anzia hospitali hapo Nansio leo leo, wakiona inabidi watakupa rufaa uvuke na meli ya kwanza.