Ninachoandika sasa: mifupa ya Tendaguru, kisha Maji Maji

Mwalimu, umeuliza ninawaandalia nini watoto wa darasa la tano na la sita, na kama nitawatungia maneno watu walioishi kweli. Nianze na hilo la pili: sitawatungia.

Kitabu kilichoko mezani sasa ni cha Tendaguru, kilima kilichoko kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya dinosaria, na kiunzi kimoja kilichoungwa kwa mifupa hiyo kimesimama hadi leo kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Watoto wakisikia hivyo hutoa macho. Mimi nataka waione pia miguu iliyobeba mifupa hiyo. Mizigo ilitoka kilimani kichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, jumla yake zaidi ya tani 200! Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, anajulikana kwa jina. Wapagazi walio wengi hawajulikani. Hapo kalamu yangu hukwama, na nimeamua kuwaambia watoto waziwazi kwamba majina hayo hayakuandikwa.

Kinachofuata ni Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kuanzia pamba ya kulazimishwa na Wajerumani, iliyong'olewa na wananchi katika kijiji cha Nandete. Hicho kitachelewa. Sura ya njaa iliyofuata vita nimeiandika mara nne na bado haijamkaa sawa mtoto wa miaka 11.

Ukipata wanafunzi wa kunisomea rasimu ya Tendaguru, niambie. Wakikutana na neno gumu, walipigie mstari tu.