Laki kumi na mbili kwa mhandisi mitambo mgeni kiwandani

Ndugu, umeuliza kama shilingi 1,200,000 kwa mwezi hapa Tanzania inafaa kwa mhandisi wa matengenezo aliyehitimu juzi. Kwanza piga hesabu ya kitakachofika mkononi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10%: 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kukatwa PAYE, kodi ya mshahara: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na 30% ya kile kilichozidi milioni, yaani 24,000, jumla 152,000. Kama ulisoma kwa mkopo, HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, wanachukua 15% ya mshahara wa msingi: 180,000. Unabaki na 748,000.

Sasa majukumu. Ofa ikisema "kusimamia mitambo", hayo ni maneno mapana mno. Uliza nani anaamshwa saa nane usiku kompresa ikizima, boila ni yako au ya mtu mwingine, na vipuri vinaagizwa na nani. Hili la vipuri wengi hulidharau: beringi ikikosekana stoo, lawama za laini ya uzalishaji kusimama ni zako hata kama uliomba mapema. Omba kwa maandishi.

Angalia pia cheo. Sheria inatoa ovataimu mara 1.5 baada ya saa 45 kwa wiki, lakini si kwa anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukiitwa "meneja" bila nyongeza, umepunjwa kiungwana.

Mimi ningekubali, ila kwa sharti kwamba kuna mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, wa kukusimamia na kusaini kumbukumbu zako za kazi.